Ruba Aliyeshuka Tumboni

Nawategea kitendawili kimoja kabla sijaanza, nikiwa bado ninacho.

Mgeni wangu ni mzito kuliko jiwe na anang'aa kuliko kioo. Ukimshika anakimbia. Ukimwacha anahamia kichwani mwako, wala haagi, kwa sababu haondoki.

Kwetu Ibanza hakuna mtoto anayeshindwa hicho. Zebaki. Babu zao waliichanganya na unga wa mawe kutoka kwenye karasha, kinu cha kusagia mawe, wakaikamua kwa kitambaa, kisha wakaichoma juu ya jiko la mkaa, palepale wake zao waliposongea ugali. Dhahabu ilibaki kwenye kikaango, moshi ukaingia kwa watu. Dhahabu iliondoka zamani, na siku hizi mashine zinachimba zenyewe huko chini bila mtu. Moshi bado tunao.

Kila Jumatatu asubuhi tulipanga foleni Kituo cha Mchujo, kila mmoja na kichupa chake, ruba ndani. Si ruba wa mtoni hawa. Wametengenezwa, wakapewa njaa ya kitu kimoja tu. Unamweka nyuma ya sikio, anakunywa damu yako, anabakiza zebaki, damu anakurudishia. Akishiba anakuwa wa kijivu kama waya. Kituoni wanampima uzito, wanamkamua kwenye chupa ya dawa, unarudishiwa mwembamba mwenye njaa. Juu yake unapewa unga wa mlonge na maji ya giligilani, na unakatazwa samaki sangara.

Watu walimpenda ruba kwa sababu si kidonge wala sindano. Mama yangu alikuwa mpiga chuku, alinyonya damu chafu kwa pembe ya ng'ombe. Siku ya kwanza nilipomwona ruba nilisema, aa, huyu ndugu yetu. Na alinifaa, sitamsingizia. Kabla yake mkono wangu ulitetemeka hata chai nilinywa kwa mrija. Baada ya miaka miwili nilitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Jumatatu hiyo nilikwenda na mjukuu wangu Nyanzobe, akiwa na mimba ya miezi saba. Mama yake, binti yangu Holo, alikufa kwa huo huo moshi Nyanzobe akiwa na miaka minne, nikamlea mimi. Kwenye foleni alikuwa ananikazania nimtegee.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Ninacho, nimekifungia, sijawahi kukiona, na tayari kinanipiga mateke."

Akashika tumbo, akacheka. "Hicho hata kuku anajua. Mtoto!"

"Basi leo umepona. Maana ungenipa mji."

Ndivyo tulivyocheza tangu yuko mdogo. Asiyejua jibu anatoa mji, na mtegaji anautawala. Alishanipa Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi na Cairo. Ibanza tu ndiyo alikuwa hajanipa. Alisema huo ni wa kwake, akiutoa atalala wapi.

"Nyanzobe binti Holo!" aliita Tabibu Kokuberwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Bukoba. Ndiye aliyekuwa mkuu wa Kituo. Alimchukua ruba kwa koleo, akamlaza kwenye mizani. Namba hazikusogea. Ruba alikuwa mweupe kama uzi.

"Wiki ya tatu mfululizo," alisema Tabibu. "Hongera, mama. Uko safi."

Foleni nzima ikapiga vigelegele. Nyanzobe alifungwa uzi mweupe mkononi, alama ya aliye safi, na mzee Ng'wandu nyuma yetu, ambaye alikuwa na ruba miaka mitatu na bado anatetemeka, akasema, "Na mimi nitafutieni mimba basi!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ukutani, juu ya kichwa cha Tabibu, yalikuwa maandishi makubwa ya kijani: MAMA MJAMZITO HUSAFIKA HARAKA.

Nakumbuka Tabibu hakucheka. Nilidhani ni ugeni.

*

Nyumbani nilimpa udongo wake.

Kwetu mjamzito hali udongo wa dukani kama yupo bibi. Bibi ndiye anayejua kichuguu kitamu, anakwenda mwenyewe asubuhi kabla jua halijakausha, anakata vipande kama vya sabuni, anavichoma juu ya jivu na kuvifunga kwenye kanga. Mimi cha kwangu kilikuwa nyuma ya nyumba. Nilimlisha Holo kutoka hapo alipokuwa na mimba ya Nyanzobe, kichuguu kikiwa bado kichanga, na sasa nilimlisha Nyanzobe.

"Mke mwenzangu," nilimwambia, "usimalize vyote, utajifungua tofali."

"Bibi, kina chumvi fulani hivi. Siwezi kuacha."

Nilikuwa nimeweka kichupa cha ruba wangu mezani, kifuniko sikukikaza. Nilipogeuka kuchukua maji, ruba alikuwa ametoka. Alivuka meza akijikunja na kujinyoosha, bila kupapasa njia. Akaufikia ule udongo. Akazunguka kipande kimoja mara tatu, akakaza, akatulia.

Ruba hawa hawali udongo, wana njaa ya kitu kimoja tu.

Nilisimama na kikombe mkononi. Nikatazama nje, kule kwenye kichuguu, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini nikaona kimeota wapi. Kimeota palipokuwa na banda la mume wangu. Hapo ndipo alipochomea dhahabu, na hapo ndipo alipomwaga maji ya kuoshea. Mchwa hawana habari na mambo yetu. Wanapandisha kilichoko chini.

"Bibi, una nini?"

"Geuka nikuwekee ruba."

"Si nimeambiwa niko safi?"

"Geuka tu."

Nilimweka nyuma ya sikio. Hakushika. Akashuka shingoni, akapita kifuani chini ya gauni, Nyanzobe akicheka kwa mnyeo. Kisha akaacha kucheka. Ruba alifika tumboni, upande wa kushoto, pale mtoto anapopenda kuegemeza mgongo. Akabandika mdomo juu ya ngozi ya mjukuu wangu na kuanza kusukuma kichwa, kusukuma, kama ndama kwenye chuchu.

Nilimng'oa. Nikasema, "Ana njaa tu, mjinga huyu." Nyanzobe alipoingia kulala mchana, nilichukua ule udongo wote nikaumwaga chooni.

*

"Toka lini mnajua?" nilimuuliza Tabibu. Nilikwenda saa tisa alasiri ileile, na kanga ya nyumbani, bila kupanga foleni, ambayo ilikuwa bado haijaisha.

Alifunga mlango. "Shikamoo, Bibi. Kaa."

"Sikai. Zebaki ya mtoto wangu iko wapi?"

Alinieleza, na mimi nawaeleza nilivyoelewa, mimi mtu wa darasa la saba. Kondo la nyuma ni mlango. Kazi yake kupitisha chakula cha mama kwenda kwa mtoto. Lakini zebaki inajua kujifanya chakula. Ikifika pale inafunguliwa, na upande wa pili haijui njia ya kurudi. Kila siku mama anapungua, mtoto anaongezeka. Ruba wa sikio anakunywa damu ya mama, kwa hiyo anakuta chombo kitupu.

"Mkatufungia uzi mweupe," nilisema. "Tukapiga vigelegele."

"Mama kweli yuko safi, Bibi. Mizani haikudanganya."

"Mizani haikudanganya. Nimekuuliza habari za mtoto."

"Akizaliwa hivi, shingo haitakaza. Hatasema. Labda hatasikia."

Nje kuna mtu alikuwa anacheka kwenye foleni. Niliuliza kama kuna dawa.

Tabibu alitoa chupa kwenye jokofu. Ndani palikuwa na kitu kama unywele, kirefu kuliko mkono wangu, kikicheza taratibu. Alikiita uzi. Ni ruba pia, mwenye midomo miwili. Mdomo mmoja unapitishwa kwenye mshipa wa mama mpaka kwenye kondo, ukae mlangoni. Anakunywa upande wa mtoto. Ni mwembamba mno, hana tumbo la kuhifadhi, kwa hiyo lazima amwage kwa mdomo wa pili palepale, ndani ya damu yenye joto.

"Amwage kwa mama."

"Mama ataipeleka tena kwa mtoto. Itazunguka."

"Amwage kwa mumewe. Kwa mimi. Kwa mbuzi."

"Damu asiyoijua inamuunguza, anafia ndani, na mama anakwenda naye. Anaijua damu ya upande wa mama tu. Ya Nyanzobe, ya mama yake..."

"Na ya mama wa mama yake," nikamalizia.

"Ndiyo, Bibi."

"Sasa unanitishia nini? Nipokee, halafu nitaweka ruba wa sikio kama siku zote."

Akatikisa kichwa. Zebaki inayotoka kwa uzi, alisema, haikai damuni. Imeshazoea kupita milango, inapanda kichwani siku ileile, na huko ruba hafiki. Mkono utaanza kutetemeka upya. Yatafuata majina ya watu. Yatafuata mambo ya karibuni, jana na juzi, halafu ya nyuma yake, na ya nyuma yake.

"Na uamuzi wangu mnautaka lini?"

"Kila siku moja mtoto anaongezeka."

Nilitembea kurudi nyumbani polepole. Nawaambia ukweli, sikuwa jasiri. Niliwaza, nimeishi miaka sitini na nane na kichwa hiki, kina sauti ya Holo ndani yake, na hakuna pengine popote ilipohifadhiwa. Nikiitoa, Holo anakufa mara ya pili. Nisipoitoa, yupo ambaye hataanza kabisa, na sumu yake niliikata kwa kisu changu mwenyewe, nikaichoma, nikaifunga kwenye kanga.

Lakini hilo silo lililonisumbua zaidi. Namjua Nyanzobe. Akiambiwa nitakachopoteza, atakataa. Atasema mtoto wa hali yoyote ni mtoto, na atamlea hivyo mpaka azeeke, huku ananipikia uji. Mwili ni wake, mtoto ni wake. Ana haki ya kukataa. Na mimi nilikuwa nakwenda kumnyang'anya haki hiyo kwa tabasamu.

*

"Ni kama kutoa damu," nilimwambia Nyanzobe, nilipokwisha kumweleza hali ya mtoto. "Wanaunga mkono wangu na wako, tunalala kidogo, wanatupa soda."

"Na wewe utapata nini, Bibi? Usinifiche."

"Nitasahausahau. Uzee."

"Utasahau nini?"

"Ubishi wako. Naomba iwe wa kwanza."

Hakucheka. Aliniangalia kama anavyoangalia kitendawili. Mumewe, Lukelesha, alikuwa mlangoni na kofia mkononi. "Bibi akisema ni salama, ni salama," alisema. "Bibi hajawahi kutudanganya."

Aliyasema kwa heshima, na yakaniingia kama mwiba.

Siku ya pili, saa sita mchana, tulilazwa kitanda kando ya kitanda. Tabibu alimpitisha uzi kwa Nyanzobe pajani. Kwenye kioo cha ukutani tulimwona mtoto, mweupe juu ya weusi, amekunja miguu. Unywele ule ulipanda, ukakaribia mlango wake, ukasimama. Ukainama. Mdomo wa pili ukaingia mkononi mwangu, kwenye kiwiko.

Mwanzo sikuhisi kitu. Kisha niliona ladha ya ufunguo mdomoni.

"Bibi, nitegee," alisema Nyanzobe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilitega. Akajibu. Nikatega cha pili, akajibu. Kila nilipotega nilikuwa najipapasa, kama mtu anayegusa mifuko akiwa kwenye umati wa watu. Kiko. Na hiki kiko. Kwenye cha saba au cha nane nilifika katikati, nikaona njia imekatika. Nilikuwa na mwanzo, "Anapita kwa jirani...", na baada ya jirani palikuwa peupe.

"Endelea, Bibi."

"Nyanzobe," nikasema, "ule udongo..."

"Najua."

"Hujui. Ni mimi niliye..."

"Nilikuona ukiumwaga chooni. Sikuwa nimelala. Nikaenda nikatazama kichuguu chenyewe." Alinyoosha mkono kupita uwazi wa vitanda viwili, akanishika kidole gumba kama alivyokuwa akinishika utotoni. "Na jana jioni nilikwenda kumuuliza Tabibu utasahau nini. Akaniambia yote."

"Ukakubali?"

Machozi yalikuwa yanamshuka kuelekea masikioni. "Nimekubali. Nisamehe, Bibi. Nimekubali."

Kumbe wote wawili tulikuwa tumelala pale na uongo wetu, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile.

Kwenye kioo moyo wa mtoto ulikuwa unapiga sawasawa. Tabibu alimtoa uzi. Uzi ulikuwa mzima, unang'aa urefu wote.

*

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe.

Kabla sijashuka kitandani, Tabibu alileta karatasi nitie dole gumba. Nikasema najua kusoma, anipe. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno. Juu iliandikwa: FOMU YA BIBI MPOKEAJI. Chini yake, nafasi ya jina la bibi mzaa mama. Nafasi ya jina la mjamzito. Nafasi ya jina la mtoto, "kama lipo."

Haikuwa imeandikwa kwa mkono kwa ajili yangu. Ilikuwa imepigwa chapa, nzuri, na mezani yalikuwepo mafungu yake yamefungwa kwa kamba, yakifika kifuani mwa mtu aliyekaa. Kwenye kona ya chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, palikuwa na mwezi na mwaka wa kuchapishwa.

Ulikuwa mwezi uleule walipotugawia ruba wa kwanza.

"Tabibu," nikasema. "Mlikuwa mnajua kabla hata hamjatuletea."

Aliangalia mlango, kisha akaniangalia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ruba wa sikio walikuwa tayari. Uzi ulikuwa bado unahitaji... waliouunda walihitaji kwanza waone kwa wajawazito. Mimi niliajiriwa baadaye, Bibi."

"Na mabibi wanaotia dole gumba hapa. Kesho wanakumbuka walichosoma?"

Alinifunika shuka mpaka mabegani, kwa upole kabisa. "Pumzika, Bibi. Umechoka."

Wanaojua ni sisi, na sisi ndio tunaosahau.

Nilimwambia Lukelesha aninunulie daftari njiani. Niliandika jioni hiyohiyo, na kesho yake, na keshokutwa, mkono ukizidi kukataa. Na kwa vile barua inaweza kuchanwa, lakini kitendawili watoto watakipeleka mpaka kisimani, nilichokisoma kwenye fomu ya Kituo nilikitungia kitendawili pia. Nikamwandikisha Nyanzobe ukutani kwa mkaa:

*Anamjua mgonjwa kabla hajaugua. Ana nafasi ya jina lake kabla hajazaliwa. Akikulisha anaandika, ukisahau anafurahi.*

*

Leo ni siku nyingine. Kurasa za juu nimezisoma asubuhi. Mwandiko ni wangu, kwa hiyo naamini.

Kuna mtoto hapa ndani, wa kike. Analia kwa nguvu, na akisikia sufuria inaanguka anageuza kichwa upesi, na shingo yake imekaza kama ya jogoo. Wanamwita Holo. Nimeuliza mara nyingi ni jina la nani, wananijibu kila mara bila kuchoka.

Kesho ni Jumatatu. Yule binti mwenye uzi mweupe mkononi, ambaye ana kidole gumba changu mkononi mwake kila ninapoamka, amekaa mbele yangu. Nje kuna wanawake wengi, wenye matumbo, na vikongwe wao wenye vifundo vya udongo kwenye kanga. Amewaita yeye. Kila mmoja amekuja na ruba wake kwenye kichupa, na wamekubaliana kuwaweka tumboni wote kwa pamoja, hapo uani, kwanza, kabla ya kwenda Kituoni.

Ananionyesha ukutani. "Soma, Bibi."

Nimesoma. Ni kitendawili kizuri. Aliyekitega anajua kazi.

"Jibu lake?" ananiuliza. Anasubiri. Na wa nje wanasubiri.

Natafuta. Napapasa kila mfuko. Mkono unatetemeka juu ya goti kama kitu kisicho changu.

"Nimeshindwa, mke mwenzangu," namwambia. "Nakupa mji."

"Mji gani, Bibi?"

Ninao mmoja tu ninaoukumbuka.

"Ibanza," nasema. "Nenda ukautawale."

Anavua ule uzi mweupe, anauweka kwenye kiganja changu, na anatoka nje kuwapa jibu.